Masikio ya Kishindo

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye ghala la mbao anatafuta mlinzi wa mchana mwenye mbwa. Shemeji keshajipeleka. Mbwa wake ana masikio wima kama misumari. Mimi nina Kishindo, aliyeachwa na marehemu baba mkwe. Mwili wa ndama, masikio kama soksi zilizoanikwa. Mke wangu anasema marehemu aliyapenda hivyo hivyo. Marehemu hakuwa akitafuta kazi.

Jumanne, 4 Machi
Nimechemsha mifupa. Supu yote kwa Kishindo, ili masikio yakaze. Kanywa, kalala. Masikio nayo yamelala.

Jumatano, 5 Machi
Kadibodi na plasta. Yamesimama! Mke wangu kaniuliza kama nina akili timamu. Nimemjibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Kishindo kanitazama mpaka nikageuza uso.

Ijumaa, 7 Machi
Siku nzito. Kishindo hali, anatikisa kichwa, analia. Mke wangu kabandua plasta. Chini yake usaha. Hakunigombeza. Kampakia kwenye toroli, kamsukuma mwenyewe hadi kwa daktari wa mifugo. Mimi nyuma, kama mfungwa.

Daktari kaeleza taratibu. Sikio husimamishwa na gegedu, ule mfupa laini. Kuna mbwa ambao gegedu lao ni laini mno kwa uzito wa sikio. Wamerithi kwa wazazi wao. Hakuna supu ya kubadili hilo. Tungechelewa siku mbili zaidi, angekuwa kiziwi.

Mke wangu alingoja tufike nje.

"Baba aliniachia kiumbe hiki kimoja tu," akasema. "Usiyaguse tena masikio yake."

Nimeapa. Machozi yalinitoka. Nimesingizia vumbi.

Jumapili, 9 Machi
Kishindo kala! Kanilamba mkono, huu huu uliombandika plasta. Afadhali angeniuma.

Mwenye ghala kasikia habari za Kishindo, kaja kumjulia hali. Mbwa wa shemeji kang'ata mteja, wamefukuzwa wote wawili. Kumbe anachotaka ni mbwa mtulivu anayebweka kwa sababu. Kazi kapata Kishindo. Pamoja na mke wangu. Mwenye ghala kasema mimi si mtu wa kuachiwa mnyama.

Jumatatu, 10 Machi
Wameondoka asubuhi, bega kwa bega. Nyumba kimya. Nimejitafakari sana, kwa unyenyekevu. Nimekosa, nimekiri, nimeapa.

Ila nimewatazama dirishani wakienda. Mkia wa Kishindo umepinda. Mlinzi gani ana mkia uliopinda? Kiapo changu kilihusu masikio. Mkia haukutajwa.

Nimeshapata rula.