Hasi Nane

Jumatatu, 2 Juni 2025. Mtito Andei. Miaka thelathini na minane tangu niondoke Tseikuru. Leo habari: kamati ya maji ya kwetu inatafuta mpimaji wa kisima. Atapewa chumba kando ya kisima. Chumba! Mzee wa miaka sabini na mmoja hawezi kurudi kwao mikono mitupu akalale jikoni kwa mpwa. Mpimaji anaweza. Mtihani ni Ijumaa, hapa hapa, kwa Mwalimu Wavinya wa ngumbaru, darasa letu la watu wazima. Nimesoma Biblia nzima mara nne. Hesabu itanishinda nini?

Jumanne, 3 Juni. Imenishinda. Mdomo wa kisima ni sifuri, chini yake ni hasi. Sawa. Wiki jana maji yalikuwa hasi tatu, leo hasi tano. Toa ya wiki jana kwenye ya leo. Nikapata hasi nane. Mwalimu akauliza kwa upole kisima cha mita sita kina maji gani mita nane chini. Nikamweleza kwamba sisi tumekunywa maji ya kuchimba mchangani mtoni tangu utoto. Kila ukitoa, unashuka. Sijaona aliyetoa akapanda. Akasema kutoa hasi ni kurudisha mchanga shimoni. Nikashtuka. Kwetu anayefukia kisima huitwa mbele ya wazee. Mwau, dereva mstaafu, mtu wa kwetu ambaye naye anakitaka chumba changu, alicheka hadi akakohoa. Akaniambia nikifika huko chini niwasalimie marehemu.

Jumatano, 4 Juni. Mazoezi, nyuma ya jiko la Kalekye mwenye nyumba. Nikachimba futi tatu ili nirudishe mbili. Mkono ukakataa kurudisha. Nikachimba mbili zaidi. Kuku wake akatumbukia. Kalekye akauliza kama ni kaburi langu, maana nimekosea urefu.

Ijumaa, 6 Juni. Mpango mpya: kukaa nyuma ya Mwau, ambaye hafichi karatasi. Maswali kumi. Nikanakili yote kumi. Kisha nikayapitia. Maskini Mwau, ameandika hasi mbili panapostahili hasi nane. Nikamhurumia, nikasahihisha ya kwangu. Yalikuwa manane ya kusahihisha.

Jumatatu, 9 Juni. Mwau kumi. Mimi mbili. Ameondoka asubuhi kwa lori, godoro juu. Akauliza, bila kucheka safari hii, kama nina salamu. Nikamwambia asalimie mto.

Mchana nimekaa na kalamu. Nimeiweka Tseikuru iwe sifuri. Miaka yangu ya huku, hasi thelathini na nane. Mwalimu aliapa kwamba ukitoa hasi yote unafika sifuri, mdomoni pa kisima. Basi nikatoa yote, hasi thelathini na nane, nione nitafika wapi. Nimerudia mara tatu.

Hasi sabini na sita.

Sitarudi.