Kichupa cha Mwisho cha Kingamwili

Jumatatu, 3 Machi. Madison, Wisconsin.

Profesa Obermeier ametangaza: mmoja tu kutoka maabara yetu atakwenda kwenye mkutano wa saratani San Diego. Ni mimi au Kaolee Vang. Atakayeonyesha Ijumaa kwamba dawa yetu inaamsha protini mlinzi, ile inayozuia seli zisigeuke uvimbe, ndiye abiria. Protini hiyo ikiamka hubandikwa fosfeti, alama ndogo ya kemikali. Kingamwili yetu ya kupimia huinasa ikiwa na fosfeti tu. Iliyolala huipita kama haijaiona. Kimebaki kichupa kimoja, cha kugawana. Nimekihamishia kwenye boksi langu. Nje theluji, moyoni San Diego.

Jumanne, 4 Machi.

Kabla ya kingamwili, utando wenye protini hulowekwa kwanza kwenye kitu cha kuziba nafasi tupu, kingamwili isije ikanasa ovyo. Maelekezo yanasema albumini, protini safi ya unga. Nimetumia maziwa. Akina Skogen tumekamua ng'ombe tangu enzi za babu. Siwezi kuambiwa na kijikaratasi cha kiwandani kwamba maziwa hayafai. Kaolee akapita, akachungulia. "Verlyn, ndugu yangu, maziwa yenyewe yamejaa fosfeti. Kingamwili yako itanasa maziwa." Nikamwambia ashughulike na yake. Wivu tu. Nusu ya kichupa imekwenda.

Jumatano, 5 Machi.

Picha ya utando imetoka; kingamwili iliponasa huwa peusi. Nyeusi tii, pembe hadi pembe. Protini mlinzi imeamka kila mahali! Imeamka kwenye seli zilizopewa dawa. Imeamka kwenye seli zisizopewa. Imeamka kwenye seli ambazo hazina protini hiyo kabisa, jambo linalohitaji utafiti zaidi. Imeamka hata kwenye safu niliyoiacha tupu. Hiyo nimeikata kwa mkasi.

Nikarudia jaribio ili kujihakikishia, nikamaliza kichupa. Kaolee akakiulizia. Nikamwambia kimekwisha, pole. Alibeba sahani ya roli za nyama alizokaanga mama yake, akashuka maabara ya chini, akarudi na tone la kingamwili. Kuombaomba! Akina Skogen hatuombi.

Ijumaa, 7 Machi.

Kikao. Picha yangu ikapanda ukutani. Profesa akaomba mtu aangalie projekta, huenda imeharibika. Nikasema projekta ni nzima. Akavua miwani, akauliza niliuloweka utando kwenye nini. Nikasema maziwa, kwa sauti ya chini kidogo.

"Verlyn, mwanangu," akasema, "hapa umetupigia picha ya ng'ombe."

Walicheka hadi aliyekuwa anasinzia. Kaolee akaonyesha yake: kistari kimoja chembamba, kwenye dawa tu, kwingine kote kweupe. Anakwenda San Diego. Nimeumia, sitaficha. Nilikwenda kula samaki wa kukaanga, desturi yetu ya Ijumaa hapa Wisconsin, peke yangu, sikummaliza.

Jumatatu, 10 Machi.

Kichupa kipya kimefika asubuhi. Kaolee alikuwa darasani, nikakipokea mimi. Kipo kwenye boksi langu.

Nimetafakari wikendi nzima, bila chuki, na kosa nimeliona. Maziwa yale yalikuwa na mafuta. Leo nimeloweka kwenye yasiyo na mafuta. Kaolee akapita, akachungulia, akafungua mdomo, akaufunga, akaenda zake. Safari hii hana la kusema. Hatimaye ameelewa.