Doa Nyuma ya Sikio la Mtathmini

Bwana Nyota alikuwa dukani kwa mchapaji, akisubiri vyeti vyake kumi vipigwe muhuri wa dhahabu, alipofunua mashine ya fotokopi na kukuta barua iliyosahauliwa na mwenyewe. Mtu mwaminifu angemkabidhi mchapaji. Bwana Nyota aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Barua ilitoka kwa wafadhili wa mbali, ikienda kwa shirika la kupambana na saratani ya ngozi. Ilisema kwa adabu zote kwamba hakuna senti itakayotoka tena mpaka mtathmini huru akague hesabu za shirika na aeleze kama kazi yake inamsaidia mtu yeyote.

"Mtathmini huru," alinong'ona, mate yakimjaa. Huru alikuwa kwelikweli. Hakuwa na mwajiri, hakuwa na ofisi, wala, tusifichane, hakuwa na cheti chochote isipokuwa vile alivyojichapia.

Mjini walimwita Bwana Nyota kwa sababu aliuza nyota. Alikuwa Katibu wa Baraza Huru la Kupima Wema, baraza lenye mjumbe mmoja, na shirika lolote la hisani lililotaka kuonekana safi lilinunua kwake nyota tatu, nne au tano, kwa kadiri ya mfuko. Silaha yake ilikuwa moja tu. Alifungua karatasi zako, akasoma, akasema "Mmh," akaandika neno dogo kwenye kijitabu na kukifunga. Basi. Yaliyobaki mwenye karatasi aliyajaza mwenyewe kwa hofu yake, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshauliza bei.

Mkurugenzi wa shirika alimpokea kwenye ofisi yenye zulia lililomeza viatu. Alikuwa na shingo nene na sauti ya kufungulia semina.

"Karibu sana, Mheshimiwa! Sisi hapa hatuna la kuficha. Mwaka jana peke yake tumewafikia watu elfu arobaini."

"Mmh. Mliwafikiaje?"

"Kwa bango. Liko pale njia panda, linasema 'Jikinge na Jua'. Kila anayepita chini yake amefikiwa."

"Na anayepita asubuhi akarudi jioni?"

"Huyo amefikiwa mara mbili," alisema Mkurugenzi bila kupepesa jicho.

Bwana Nyota alisikia raha ya fundi aliyekutana na fundi mwenzake. Akaingia kwenye hesabu. Katika kila mia iliyotoka kwa wafadhili, sitini zilikwenda kwenye semina za hotelini kuhusu hatari za jua, zilizofanyika ndani, kwenye kiyoyozi. Ishirini na tano zilikwenda kwenye magari, na kumi kwenye picha za Mkurugenzi akigawa kofia. Tano zilizobaki zilikuwa za zahanati, nazo zilikuwa "zinashughulikiwa".

Kofia zenyewe, kwa maandishi, zilikuwa elfu sita. Stoo kulikuwa na arobaini, lebo zikiwa bado zinaning'inia, zikitolewa kila mpiga picha anapokuja na kurudishwa akiondoka. Daftari la ugawaji lilikuwa na saini elfu sita za mwaka mzima, zote kwa kalamu moja na, ukitazama vizuri, kwa mchana mmoja.

"Mmh," alisema Bwana Nyota, safari hii kwa heshima.

"Nyota tano ni bei gani?" aliuliza Mkurugenzi. Chai ilikuwa bado ya moto.

Walielewana upesi. Bahasha nene ilionyeshwa, ikapapaswa, ikarudi kwenye droo kungoja siku wafadhili watakaporidhika. "Ila wanataka na ukurasa mmoja wa zahanati," alisema Mkurugenzi. "Pita pale nyuma dakika tano, piga picha, imekwisha."

Zahanati ilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji ya magari ya shirika. Ndani mlikuwa na Nesi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kwenye benchi aliketi fundi cherehani, mama mwenye ualbino, plasta chini ya jicho la kushoto.

"Habari za kazi, Sista."

"Kazi ipi?" aliuliza Nesi. "Gesi ya baridi kali, ile tunayounguzia vidonda vikiwa bado vichanga, imekwisha miezi mitano sasa. Losheni ya jua imekwisha. Tumebaki mimi na benchi."

"Mimi naja kila Jumatatu, kaka," alisema fundi cherehani. "Naambiwa mtungi uko njiani. Kidonda nacho kiko njiani."

Nesi alimvuta mgeni pembeni. "Mwezi mwingine ukipita hivi hatutaongelea kidonda, tutaongelea jicho. Na yule ana watoto watatu wanaokula kwa sindano yake."

Bwana Nyota alitikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi, akainama kusaini kitabu cha wageni. Hapo Nesi akaona, nyuma ya sikio lake, doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya mahindi.

"Mmh," alisema Nesi. Akaandika neno dogo kwenye kadi, akaifunika.

Bwana Nyota aliganda. Sauti ile alikuwa ameitoa maisha yake yote, hakuwahi kuipokea.

"Mmh nini, Sista?"

"Hilo doa unalo tangu lini?"

"Doa gani?"

"Mmh."

"Sista, sema basi!"

"Siwezi kusema kitu bila taa ya kupimia, na taa haina betri tangu mwaka jana. Gesi ikija, betri nazo zitakuja. Si wewe ndiye unayeandika ripoti?"

Fundi cherehani alijisogeza, akampisha nafasi kwenye benchi. "Kaa, kaka yangu. Hata langu lilianza dogo." Maskini, yeye alisema kwa moyo wake wote.

Bwana Nyota alikwenda nyumbani kijasho chembamba kikimtoka. Alilipiga sikio lake picha arobaini na moja kwa simu, zote zikatoka ukungu. Alilisugua doa kwa sabuni mpaka likawasha, akazidi kutishika. Daktari wa ngozi wa karibu zaidi alikuwa safari ya siku mbili, na foleni yake miezi mitatu. Angeweza kumpigia mama yake amliwaze, lakini mama aliamini mwanawe yuko ng'ambo, tena ni daktari.

Mezani ripoti ya nyota tano ilikuwa tayari. Alijua ikipelekwa tu, fedha zitaingia na bahasha itatoka. Na mtungi? Hapo alimfikiria Mkurugenzi kwa utulivu, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, akajua pasipo shaka kwamba mtungi hautafika kamwe. Yeye mwenyewe asingeununua.

Akachana ripoti, akaandika nyingine. Ilikuwa ya kweli tangu mwanzo hadi mwisho, ya kwanza maishani mwake, na ilimtoka vizuri kuliko zote. Humo mlikuwa na bango, semina, kofia arobaini na ile kalamu moja. Mwisho alipendekeza fedha zipelekwe zahanati moja kwa moja, mikononi mwa Nesi, zianze na gesi na betri za taa. Neno "haraka" alilipigia mstari mara tatu, akaituma kwa wafadhili.

Wiki tatu baadaye Mkurugenzi aliondolewa. Zulia lilikwenda naye, na bahasha pia.

Siku mtungi ulipofika, Bwana Nyota alikuwa mlangoni saa moja asubuhi, lakini fundi cherehani alikuwa amemtangulia. Gesi ilifuka moshi mweupe. Mama yule aling'ang'ania ukingo wa benchi bila kutoa sauti.

"Imekwisha," alisema Nesi. "Jicho lako linabaki."

Fundi cherehani alilia, akacheka, akamshukuru hata Bwana Nyota. Bwana Nyota alifurahi, furaha ya bure isiyo na asilimia yake ndani, na ikamtia wasiwasi.

Kisha zamu yake. Nesi aliwasha taa, akatazama kwa muda wa kupiga chafya.

"Alama ya kuzaliwa. Mama yako hakukuambia?"

Bwana Nyota alilishika sikio lake.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza nilikisia. Leo nimehakikisha."

"Lakini uliniambia..."

"Nilikuambia nini?"

Bwana Nyota alipekua kumbukumbu yote, neno kwa neno, na hakupata pa kushika. Yeye, mwenyeji wa mji mzima, alikuwa ameingizwa mjini na mwanamke mwenye miwani ya uzi.

"Ulisema 'Mmh'," alikiri.

"Basi."

Nesi alimvika kofia pana, akaing'oa lebo, akafungua daftari jipya la ugawaji, jeupe kabisa, ukurasa wa kwanza. "Saini hapa, jina lako halisi. Na kalamu yako ondoka nayo, Bwana Mtathmini. Wa pili atasaini kwa yake."