Kamera ya Kukabidhi Transfoma

Kwa fahari kubwa naujulisha umma wa Kisangani kwamba, baada ya miezi saba ya kazi nzito, Tume ya Kuchagua Kamera Ndogo imechagua kamera ndogo. Mwenyekiti wa tume ni mimi, Augustin, mtunza mali wa Divisheni ya Mwonekano wa Huduma. Maishani mwangu sijapiga picha ya simu bila kukata vichwa vya watu, na hiyo ndiyo sifa iliyonipa cheo: asiyejua kitu hana upendeleo.

Haja ilikuwa wazi. Mtaa wetu ulikuwa gizani tangu transfoma ilipoungua. Transfoma mpya ilikwisha kufika, ikalala uani pa ofisi yetu chini ya turubai. Kuifunga bila sherehe haikuwezekana, sherehe bila video si sherehe, na video ilitaka kamera. Kila mtu alielewa, isipokuwa mke wangu Chimène, muuza samaki wa barafu, ambaye friza lake lilikuwa limegeuka kabati la nguo.

“Transfo iko kwa bureau yenu, na mi niko natupa samaki,” aliniambia. “Munangojea nini?”

“Kamera.”

“Alors, kamera ndiyo italeta courant?”

Nilimjibu kwamba umeme una faili, na faili linafuata mkondo wake.

Mtaalamu wetu alikuwa Larissa, binti kutoka Yanonge anayetengeneza video za harusi mjini. Tume ilimpa haki ya kuongea, si ya kupiga kura. Siku ya kwanza kabisa alishika kamera moja ya kisasa, ndogo kama sabuni ya kufulia.

“Tonton, hii iko bien. Iko mwepesi, écran inageuka unajiona, na micro ya juu inasikia sauti muzuri.”

“Ina gramu mia tatu,” nikamkumbusha. “Mkurugenzi wetu ana kilo mia na kumi.”

Hoja iliwaingia wajumbe. Swali la kama kifaa kidogo vile kinaweza kubeba kiongozi mkubwa vile lilitumalizia vikao tisa na makreti ya soda. Mwishowe Mkurugenzi Désiré mwenyewe alijiona kwenye ile skrini inayogeuka, akajipenda, nasi tukapiga kura kwa kauli moja.

Ilibaki kuiandikisha. Kwetu kila mali ya serikali hupakwa namba kwa rangi nyeupe ya mafuta, hata jagi la maji. Kamera ilikuwa imejaa vitufe kila upande. Juu tu palikuwa na nafasi tupu yenye vitundu vidogo, nikadhani ni vya kupitisha hewa. Nilipaka mara mbili, kwa mkono wangu mwenyewe, na kazi ikanipendeza sana.

Asubuhi ya sherehe nilimkabidhi Larissa. Aliigeuza mkononi, akashtuka.

“Eh, tonton! Umeziba micro na rangi!”

“Ni mali ya serikali. Rangi haitoki bila tume.”

Akacheka kidogo. “Bon. Nitafilmer tu.”

Lori lilileta transfoma na mafundi wake, turubai likavuliwa. Mkurugenzi alihutubia dakika arobaini. Kipaza sauti hakikuwaka, kwa kuwa mtaa hauna umeme, kwa hiyo tulisikia sisi wa viti vya mbele tu. Alisema kwamba transfoma imeonyeshwa rasmi, sasa inarudi uani, itafungwa wakubwa watakapokuja kutoka Kinshasa kwa sherehe ya pili. Iliniuma, nasema kweli. Nilimfikiria Chimène na samaki wake, nikaona aibu. Kisha nikapiga makofi kuwashinda wote.

Tulipokuwa tunakunywa soda, Larissa aliirusha video mtandaoni. Sauti haikuwepo, akaandika maneno chini. Mdomo wa Mkurugenzi ukafunguka, na chini yake ukasomeka: “Transfoma inafungwa leo. Mimi siondoki hapa mpaka taa iwake.”

Chupa hazijaisha, mtaa mzima ukatujia, simu mkononi, wakamsogezea Mkurugenzi kiti cha plastiki.

“Merci, papa Directeur! Ikala hapa, tutangoja pamoja!”

Mkurugenzi alisoma, akasoma tena, akaniinamia sikioni. “Augustin, nilisema hivi?”

Ushahidi wa kinyume ungekuwa ripoti ya sherehe, na ripoti ilikuwa haijaundiwa tume.

“Patron,” nikasema, “video iko officielle.”

Akakaa. Mafundi wakapanda nguzoni, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwashusha mbele ya watu mia tatu. Saa kumi alasiri taa ya saluni ya jirani ikawaka, kelele zikapasuka kila upande. Mkurugenzi akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasafisha koo.

“Ngoja kwanza, papa!” Sauti hiyo naijua, ni ya mke wangu. “Larissa, leta ile kamera ya bwana yangu. Huyu papa, na ile kamera, anasemaka mambo ya muzuri.”

Na Mkurugenzi, mbele ya mtaa mzima, akafunga mdomo kuingoja kamera.