Yordani ya Baharia, Ruvuma ya Modesta

Jumatatu, 8 Agosti 1977

Balaa! Modesta kaiba wimbo wangu.

Niandike kwa utaratibu. Wimbo ni ule wa Kizungu wa kuvuka Yordani, wenye magitaa ya umeme, ambao baharia mlokole wa Norwe alininakilia kwenye kaseti meli yao ilipokuwa gatini mwezi wa sita. Mtwara nzima ninayo mimi peke yangu, Elia, karani wa bohari bandarini. Hata lebo niliibandua nikaichoma, asije mtu akajua jina la bendi akaagiza yake. Mwezi mzima nimeifundisha Kwaya ya Vijana. Leo Petro, mwimbaji wangu tegemeo, kaja ofisini anahema. Kwaya ya Mtawanya nao wanauimba. Kwa Kiswahili!

Mwalimu wao ndiye Modesta, nesi wa zahanati, Mmakonde aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma. Mama mpole. Hajui kusoma noti hata moja. Kaupataje? Nimefikiri mchana kutwa, kazi hazikwenda. Jibu nimelipata. Mdogo wake, Felista, amepanga chumba jirani na changu hapa Magomeni, na mimi kila jioni naifungulia redio hadi mwisho, dirisha wazi, ili majirani wajue nina kitu gani.

Wamejua.

Jumatano, 10 Agosti

Mchungaji Josephu katangaza. Jumapili ya tarehe 28 kutakuwa na ibada Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma, pamoja na Wakristo watakaovuka kutoka Msumbiji. Lori ni moja, kwa hiyo kwaya itakayokwenda ni moja.

Nikasimama papo hapo. Nikapendekeza kwamba Jumapili ya tarehe 21 tusikilize kwanza kaseti, yaani wimbo wenyewe, kisha kila kwaya iimbe, na itakayoukaribia zaidi ndiyo ipande lori. Mchungaji kaliona ni jambo la haki. Modesta naye kakubali, tena kwa furaha.

"Sawa, kaka Elia," akasema. "Hata mimi natamani kuusikia vizuri. Pale kwa Felista ukuta unakula maneno."

Maskini. Hajui kinachomngoja.

Jumamosi, 13 Agosti

Mazoezi. Leo tumeshughulikia mwisho wa wimbo, ambao ndio utamu wenyewe. Kwenye kaseti hawamalizi. Sauti inafifia, inafifia, mpaka husikii kitu, kama vile wanakwenda zao mbinguni huku wakiimba. Nimewaza wiki nzima tutafanyaje. Nikapata! Kwaya yote inaimba huku ikirudi kinyumenyume hadi nje ya mlango.

Ilikwenda vizuri mpaka Petro alipotumbukia mtaroni. Magreth, wa sauti ya pili, akamwangukia. Sauti zilififia kweli, lakini si kwa namna niliyotaka. Petro anachechemea na hataki kuongea nami.

Jirani yangu Bi Mwanakombo, ambaye ni Mwislamu na hayamhusu, alikuwa anapita na ndoo yake. Akauliza wale wamekosa nini hata wanafukuzwa kanisani.

Jumatano, 17 Agosti

Sijalala vizuri. Itakuwaje kama Modesta atabadili wimbo dakika ya mwisho? Nahitaji ushahidi. Nitakwenda Mtawanya nikawarekodi kwa siri, niandike makosa yao yote, niyasome mbele ya Mchungaji. Felista anasema wanafanya mazoezi Jumamosi saa tisa alasiri, nyuma ya zahanati. Kaniuliza nauliza ya nini. Nikamjibu nina jino linaniuma.

Jumamosi, 20 Agosti

Nimerudi. Sijui nianzie wapi.

Nilijificha kwenye shamba la muhogo hatua ishirini kutoka walipokuwa. Redio kaseti ndani ya kikapu, pamoja na kaseti tupu niliyoinunua jana, juu yake majani ya kisamvu. Nikabonyeza kitufe chekundu. Daftari mkononi.

Kosa la kwanza: hakuna gitaa. Kule kwenye kaseti gitaa linaanza kwa kishindo, kama lori linalopandisha mlima kwa gia ya kwanza, na mwili unasisimka. Hapa akina mama wanajipiga mapaja kwa viganja, pwa, pwa, pwa, basi. Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Lile pwa lilikuwa kafi la mtumbwi. Nilikuwa nasikia mtu anavusha watu.

Kosa la pili: wameitoa Yordani wakaweka Ruvuma. Mwimbaji wa kaseti anapaza sauti kwamba atavuka, na unamwamini, maana ana sauti ya mtu asiyeogopa chochote. Modesta anaimba taratibu: Ruvuma ina kina, Bwana, mkono wako uko wapi. Huyu anaogopa. Anaogopa, na anavuka hivyo hivyo.

Kosa la tatu: sikuandika.

Mwisho wao haufifii. Unakatika. Wako katikati ya neno "tuvuke", wanafika kwenye "tuvu", basi, kimya. Ukimya ule niliusikia kwenye meno. Nadhani nilisema kitu kwa sauti. Nadhani hata niliimba, maana besi yao ni nyembamba na mtu mwenye masikio hawezi kuvumilia.

Lakini mashindano ni mashindano. Kesho watu watasikia wimbo wenyewe na tofauti itajulikana.

Jumapili, 21 Agosti

Natamani kuhamia Tunduru.

Kanisa lilijaa. Nikaweka redio juu ya meza, nikatoa hotuba fupi kuhusu uhalisi. Nikawaambia wakae vizuri wasikie gitaa. Nikabonyeza.

Pwa, pwa, pwa.

Nilidhani nimepagawa. Nikaitoa kaseti, nikaigeuza, nikatia ile nyingine. Tupu! Kaseti mbili nyeusi, hazina lebo hata moja, na mimi kule muhogoni nimerekodi juu ya ile ya baharia. Yordani yote imefutika. Mchungaji akasema nirudishe ile ya kwanza, ilikuwa nzuri. Nikairudisha.

Ikaimba mpaka mwisho. Katikati ikaingia sauti nene ya mwanamume, karibu sana, inaitikia besi. Halafu "tuvu". Kimya. Halafu sauti ile ile, kanisa zima likisikia: "Ee Mungu wangu, mama huyu! Mama huyu!" Na kamasi zikivutwa.

Watu walicheka mpaka benchi la nyuma likapinduka.

Mchungaji akauliza sauti ile ni ya nani. Modesta akajibu kwa heshima zote.

"Ni kaka Elia. Nilimwona kwenye muhogo. Nikawaambia wenzangu tuimbe vizuri, leo kuna mgeni."

Alijua! Tena hakuwa anacheka. Alikuwa anaitazama kaseti. Akaniuliza kama ule wa wazungu umekwenda kabisa. Nikasema umekwenda. Macho yakamjaa machozi. Akasema ule wimbo ulimshika pale ukutani kwa Felista kwa sababu alisikia mtu ana hakika ya kufika ng'ambo. Yeye alivuka akiwa na miaka kumi na minne, wakati wa vita, na mama yake alikuwa anaimba polepole mtumbwini mpaka mwenye mtumbwi akamwambia nyamaza. Pale aliponyamazishwa ndipo yeye anapoukata wimbo. Hakuwahi kuvuka kwa hakika, akasema. Alitaka kusikia inakuwaje.

Sasa mimi ningefanya nini? Nikasimama mbele ya madhabahu, nikauimba wote. Peke yangu. Kwa Kiingereza changu. Ngoma nikapiga mezani. Gitaa nikalitoa kwa mdomo, gwaraa, gwaraa, hata lile la katikati linalolia juu kabisa, na pale mishipa ya shingo nusura ikatike. Mwisho nikafifia, nikirudi kinyumenyume mpaka nje, nikabaki uani na mbuzi wa Mchungaji.

Kisha makofi! Modesta alisimama. Kasema sasa ameuelewa, na kwamba ni mzuri, ni mzuri sana, ila wake hataubadili.

Mchungaji kaamua Mtawanya ndio wanakwenda Kilambo, maana wimbo uliomo kwenye kaseti ni wao. Modesta kaomba jambo moja tu, apewe besi yangu.

Jumapili, 28 Agosti

Kilambo. Lori lilitutikisa mifupa. Ndugu wa ng'ambo walikuja na mitumbwi, tukawaona wakikua kidogo kidogo juu ya maji. Tulipoanza pwa, pwa, mama mmoja mzee aliyekuwa bado ndani ya mtumbwi akaacha kuzungumza. Tulipofika "tuvu" tukakata, na yeye akalimalizia neno kutoka majini, peke yake: "ke."

Modesta hakuweza kuanza wimbo wa pili. Nikaanza mimi.

Ule wa baharia ni wimbo mkubwa, nitaupenda mpaka nife. Lakini unaweza kuuimba popote. Huu, ukishausikia pale, unajua maji yake yako wapi.

Kwenye lori nilimwomba Modesta msamaha kwa yote. Akasema yamekwisha, ila mimi niangalie pumzi tu, maana nakata "tuvu" kwa kuchelewa.

Jumatatu, 29 Agosti

Leo Modesta kapita ofisini. Wanakwaya wanataka kuomba watu wa redio waje kuwarekodi, na wameona niandike mimi barua, kwa kuwa nina hati nzuri. Kaniamini! Sitasahau nilivyofunzwa wiki hizi. Kujikweza kumekwisha.

Nimeandika ukurasa mmoja. Nimeeleza habari za Ruvuma, mapaja na ukimya. Nimemtaja Modesta kwa jina, mstari wa pili, kama msaidizi wangu hodari. Chini nimetia sahihi: Ndugu Elia, mtumishi mnyenyekevu, mtunzi na kiongozi.

Kesho atapita aisome kabla haijapelekwa posta. Hati yangu ni nzuri mno. Ataitazama hati, maneno hataona.