Nilivyochechemea Mbele ya Wakili

Dada zangu wa chumba cha kushonea, leo nimejivua nguo mchana kweupe. (Nguo nilikuwa nazo mwilini. Heshima ndiyo iliyonivuka.)

Nawaandikia nikiwa stendi, nasubiri lori la ndizi linirudishe Kinole. Naandika haraka kabla hamjasikia kwa wengine, maana nusu ya mji imeona. Na kwa kuwa najua barua hii itazunguka mpaka kwa mlinzi wa getini, naanzia mwanzo, asiyejua ajue.

Mwanzoni mwa mwezi robota la magunia liliniangukia mguu wa kulia pale kiwandani. Hospitali wakanipa ED, karatasi ya kupumzika kazi, ya siku saba. Nikampelekea msimamizi wetu. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Dada Mwajuma na Dada Zainabu, mlikuwepo, mliona. Siku ya nane narudi kazini, mlinzi ananikabidhi barua: nimefukuzwa kwa utoro. Miaka sita ya kushona magunia, leo mimi mtoro! Na ED? Msimamizi anasema hajawahi kuiona.

Nikapanda mlimani Kinole kwa shangazi Anastazia, nikalia siku mbili. Siku ya tatu shangazi akaniambia machozi hayapigwi muhuri, niende kwa wakili.

Yupo Wakili Sefu. Huja kwa treni kutoka Dar mara mbili kwa mwezi, anakaa kwenye chumba kilicho nyuma ya fundi cherehani, na kesi zake ni za wafanyakazi tu. Karani wake aliniandikia vitu vya kuleta: barua ya kuajiriwa, barua ya kufukuzwa, cheti cha hospitali (nakala ya ED niliyobaki nayo), na maelezo yangu kwa mkono wangu mwenyewe, yakifuata tarehe.

Hayo niliyafanya vizuri. (Acha nijisifu hapa, huko mbele sitapata nafasi.) Nilikaa jikoni kwa shangazi nikaandika kurasa nne, nikazifuta, nikaandika upya, nikazishona pembeni kwa sindano na uzi. Mshono mnaujua.

Tatizo ni shangazi. Aliutazama mguu wangu akaguna.

"Huo umeshapona."

"Namshukuru Mungu, shangazi."

"Unamshukuru mapema! Wakili ni kama mganga, asipoona kidonda hatafuti dawa. Chechemea."

Akanifunga mguu kwa kipande cha shuka, akanipa fimbo ya marehemu mjomba, na akanitilia jogoo kwenye kikapu, kamba miguuni. Mtu haendi kuomba msaada mikono mitupu, alisema. Jogoo mwenyewe alikuwa mwekundu, mkubwa, ana macho ya diwani.

Basi asubuhi hii nimeshuka kwenye lori nikichechemea. Nimechechemea sokoni. Nimechechemea mpaka kwa fundi cherehani, watu wananipisha, mzee mmoja kanipa pole. Nikaanza kuamini mwenyewe kwamba naumwa.

Wakili Sefu ni mwembamba, shati lake limeshonwa kola mara mbili. Nilimwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, akaona kiti cha wageni kina mguu mbovu, akanipa chake, yeye akakalia kile kibovu. Nikasema moyoni, huyu mtu ni wa namna gani? Kikapu nikakisukuma chini ya kiti.

"Haya, Ndugu Tekla. Unaendeleaje na mguu?"

Hapo ningesema kweli tu. Lakini sauti ya shangazi ilikuwa masikioni.

"Aa, Ndugu Wakili, mguu huu! Sikanyagi. Hata chooni nashikwa mkono."

Jogoo akawika.

Karani akaacha kupiga taipu. Wakili akainama, akatazama chini ya kiti, akauliza kwa upole kabisa, "Na huyu ni shahidi wako?"

Kabla sijajibu, shahidi akakata kamba, akaruka juu ya meza, akakanyaga kurasa zangu nne, akatoka mlangoni. Dada zangu, sikufikiri. Yule alikuwa jogoo wa shangazi! Nilitupa fimbo, nikakunja khanga, nikatoka.

Nilikimbia! Nimeruka mtaro ule mpana wa mbele ya duka la vyombo. (Mnaoujua mtaro ule mnajua wanaume huuzunguka.) Shuka la mguuni likafunguka, likabaki nyuma kama mkia. Mafundi barazani wakapiga makofi. Jogoo akakata kona penye duka la ushirika, ambako kulikuwa na foleni ya sukari tangu alfajiri, nami nikaipasua foleni katikati.

Sasa jamani, mtu aliye kwenye foleni ya sukari akiona mwanamke mzima anakimbia kwa nguvu zile kuelekea upande mwingine, anafikiri nini? Anafikiri sukari imefunguliwa huko! Nusu ya foleni ikanifuata. Akina mama na mifuko yao, baba mmoja na baiskeli. Nilipomkamata jogoo ukutani mwa posta na kugeuka, nikakuta kijiji kizima kinahema mbele yangu.

"Iko wapi?" mama mmoja akauliza.

"Nini?"

"Sukari!"

Nikamwinua jogoo wawaone. Sitaandika waliyoniambia. Barua hii huenda ikasomwa na masista.

Walinisindikiza kwa matusi njia yote, hasa yule mama aliyekuwa wa tatu kwenye foleni. Nilipokaribia kwa fundi nikainua macho. Wakili Sefu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja fimbo yangu, mkono mwingine lile shuka, limeokotwa na kukunjwa vizuri.

Nikakumbuka mguu! Palepale nikaanza kuchechemea tena.

Akaniacha nifike. Akanipa fimbo yangu. Kisha kwa sauti ndogo, watu wasisikie:

"Mguu ulioumia ni upi?"

"Wa kulia, Ndugu Wakili."

"Basi mwambie wa kushoto apumzike."

Dada zangu! Nilitamani ule mtaro unimeze. Karani alikuwa amelalia mashine yake ya taipu, mabega yanatikisika. Wakili hakucheka. Hata kidogo. Alifunga mlango, akaketi tena kwenye kile kiti kibovu, akazisoma kurasa zangu nne, zenye nyayo za jogoo, mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Mimi nilikuwa nalia kimyakimya.

"Nani amekupangia karatasi hizi?"

"Mimi."

"Zimepangwa kuliko za mawakili wengine ninaowajua. Isome tarehe ya barua ya kufukuzwa."

Nikaisoma.

"Sasa hesabu kwenye cheti cha hospitali."

Nikahesabu kwa vidole. Nikarudia. Barua iliandikwa siku ya tano ya ED! Walinifukuza kwa utoro huku nimebakiwa na siku mbili za kuumwa kwa ruhusa ya daktari. Barua hiyo nimelala nayo chini ya mto siku zote hizi, sikuona. Yeye aliona kabla chai ya karani haijapoa.

"Na kamati ya wafanyakazi iliketi lini kukusikiliza?"

"Haikuketi."

"Basi mguu wako una haki ya kupona," akasema. "Lakini nisikilize. Kwenye baraza la usuluhishi sisi mawakili haturuhusiwi kusimama. Utasema wewe. Nitakuandikia malalamiko leo, maana siku za kulalamika zinakwisha, ila mdomo utakuwa wako. Ukiwadanganya kwa mguu, hata cheti cha kweli kitaonekana cha uongo."

Nikamsogezea jogoo. Akakataa. Alisema akila jogoo wa mwenye kesi ataona aibu kumwambia ukweli.

Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza, si meneja, si shangazi, si mimi mwenyewe: "Wewe unataka nini?"

Nikasema, "Nataka mashine yangu. Ile ya dirishani."

Akaandika hivyohivyo. Niliona kalamu ikiandika: ya dirishani. Amenisomesha maswali ya baraza mara tatu, akijifanya meneja, mkali kweli, mpaka mara ya tatu nikamjibu bila kutetemeka naye akasema, "Ahsante, ndugu, umenishinda." Nimetembea mpaka stendi kwa miguu yote miwili, kichwa juu, ingawa yule mama wa foleni amenifyonza tena njiani.

Sasa nafika kwenye shida yangu. Wakili amesema Dada Mwajuma na Dada Zainabu mje Ijumaa barazani, mseme mlivyoiona ED ikiingia mfukoni. Semeni mlichokiona tu, msiongeze hata chumvi. Nami nawaomba, nawasihi kwa miaka sita tuliyokaa pamoja: mwenye kucheka acheke leo, acheke na kesho, amalize. Ijumaa nataka nyuso za msiba.