Trela Tupu la Hannah

"Sikilizeni hii!" Batt Crowley alilikung'uta gazeti la wiki mpaka makombo ya mkate yakamrukia Jer. "'Ng'ombe mfupi wa aina ya Deksta aliingia jikoni kwa familia moja huko Bonane Jumanne asubuhi. Akanywa maji ya kuoshea vyombo, akala mikate miwili iliyokuwa ikipoa dirishani, akageuka, akatoka. Hakuna sahani iliyovunjika.'"

"Akageuka?" Jer akauliza. "Mle mle jikoni?"

"Imeandikwa akageuka."

"Mimi mwenyewe nikiingia jikoni kwetu natoka kinyumenyume!"

"Huyo si ng'ombe bwana, huyo ni mgeni wa chakula cha mchana."

Ilikuwa Jumapili, saa tano na robo, Misa imekwisha, na meza ya dirishani katika kituo cha mafuta nje ya Kenmare ilikuwa imejaa kama kila Jumapili. Meza hiyo inajua nani anaumwa, nani anajifanya anaumwa, na padri alikosea wapi kwenye mahubiri. Batt wanamwita Profesa, kwa sababu miaka thelathini iliyopita alikwenda kozi ya mifugo ya wiki mbili na hajarudi kutoka huko hadi leo. Jer Dinneen anaitwa Mikono. Mnadani yeye ndiye mtu wa tatu: wawili wakikwama kwenye bei, anawakamata viganja, anavipiga pamoja paa, na biashara imefungwa. Katika parokia ile kiganja kilichopigwa kina nguvu kuliko sahihi ya wakili. Na Mossie Sugrue ni Mossie wa Posta, aliyesambaza barua miaka thelathini na minne na kung'atwa na kila mbwa wa wilaya.

Mossie alicheka pamoja nao, lakini moyo ulimruka lilipotajwa jina la Deksta. Asubuhi hiyohiyo, kwenye lango la kanisa, bibi Hannah Breen wa mlimani alikuwa amemshika kiwiko. "Nampeleka yule Deksta wangu mweusi uliyemwulizia wiki iliyopita kituo cha mafuta," alimwambia. "Nitasimama pale mpaka saa sita. Ukimtaka, toka nje. Mimi siingii ndani kubembeleza mtu."

Na Mossie alimtaka, tena sana. Shamba la mama yake, ekari nne nyuma ya nyumba, lilikuwa na miaka minane bila kwato. Sasa binti yake Sorcha amerudi kutoka ng'ambo, Perth, na mume na watoto wawili, mezani wako sita, na maziwa yananunuliwa dukani kama vile wanaishi Dublin ghorofa ya nne. Noreen, mkewe, alikuwa ametoa hukumu usiku wa jana. "Kesho ukija na ng'ombe, tuna ng'ombe. Ukija na maneno, Jumatatu tunasaini na yule mtu wa misonobari, apande miti shamba zima, tupumzike. Na usiiulize ile meza!"

Noreen alikuwa na sababu. Mwaka jana Mossie aliiuliza ile meza kuhusu kuku wa mayai. Akaletewa kuku kumi na wawili. Walikuwa majogoo kumi na wawili.

Kwa nini basi alikuwa amekaa pale? Alijiambia anakaa dakika mbili tu, mpaka trela la Hannah litokee. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mtu hawezi kupita mbele ya meza ile na ng'ombe anayemfika kwenye mkanda wa suruali bila kutaniwa hadi siku ya mazishi yake. Ndipo akafanya lile lile aliloonywa.

"Kwa mfano tu," akasema, akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Mtu ana shamba dogo, limelowa lowa. Anataka ng'ombe mmoja wa nyumbani. Wa maziwa, na ndama wake aliwe. Mnasemaje?"

"Friziani," Batt akajibu kabla hajamaliza. "Lita thelathini kwa siku."

"Thelathini!" Carmel akadakia kutoka nyuma ya kaunta, akipachika soseji na bekoni kwenye mkate wa mteja. "Watazifanyia nini? Wataoga?"

"Watatengeneza siagi, Carmel."

"Watapaka kuta?"

"We pika soseji zako, mambo ya kitaalamu tuachie wenyewe."

"Mtaalamu anayekuja na kifuko chake cha chai mfukoni na kuniomba maji ya moto! Kile kile tangu Pasaka!"

Batt akalifunika kombe lake kwa mkono. Kweli, kifuko cha chai kilikuwa kimelala pembeni, cheupe kwa uchovu, kikingoja raundi ya tatu.

"Friziani kwenye shamba lile atazama mpaka kiweleni," Mossie akasema.

"Unamtandikia mbao."

"Ekari nne za mbao?"

"Mi nasema Moili," Jer akaingilia, akifikicha viganja. "Shemeji yangu kule Kaskazini anao. Hana pembe, maziwa yapo, nyama ipo, mgongo una mstari mweupe kama barabara mpya. Anakula hata miiba."

"Wa Kaskazini?" Batt akashtuka. "Hapa Kerry? Sasa ukimwita atakuelewa?"

"Ng'ombe?"

"Lafudhi, bwana! Watu wenyewe hatuwaelewi!"

Wakacheka. Mossie akajikaza kiume. "Na... Deksta je?"

Meza ikalipuka.

"Mama Maria! Anataka ng'ombe wa mfukoni!"

"Kumkamua itabidi uchimbe shimo, uingie, ukae!"

"Siku ya kuchinja utawaambia wageni kila mtu aje na kijiko cha chai!"

"Mchekeni tu," Carmel akasema, akiwaelekezea kisu cha mkate. "Bibi yangu kule Tuosist alilea watoto tisa kwa Deksta mmoja. Lita kumi, na krimu nusu ndoo. Kila mwaka ndama, kila mwaka nyama. Na anatembea juu ya tope bila kulichafua, kama mtawa."

"Bibi yako alikuwa na urefu gani?" Batt akauliza.

"Urefu wa kukuzaba kofi ulimtosha!"

Hapo ndipo gari dogo jekundu likaingia kituoni, likivuta trela. Mossie akalitambua kabla ya kuona kibao cha namba. Ni trela alilounda marehemu mume wa Hannah, mtu wa tahadhari nyingi, ambaye baada ya kutorokwa na kondoo mmoja aliinua kuta zake kwa mbao hadi kifuani. Mossie akainuka nusu kwenye kiti. Akatafuta pembe, akatafuta mgongo, akatafuta hata mkia. Juu ya mbao zile hakukuwa na kitu ila anga.

"Tupu," Batt akatangaza. "Mama wa watu, umri nao. Anatembeza hewa."

"Labda hewa ya mlimani ina soko," Jer akasema.

Mossie akaketi. Basi kamwuza, akawaza. Kuna mtu kamsimamisha njiani, mtu asiyekaa mezani kuuliza maswali, akamchukua. Hannah alikuwa ndani ya gari, miwani puani, anasoma gazeti lake, hageuzi hata shingo kutazama dirishani. Hilo nalo Mossie akaliona ni ushahidi: ana aibu, hataki kunitazama machoni. Ikamuuma kuliko alivyotegemea. Tangu Jumatatu alikuwa amekwisha safisha lile zizi la zamani, akapaka chokaa, na wajukuu wakapigana kuhusu jina.

Batt aliona uso ule. Mnada aliuhudhuria maisha yake yote, na uso wa mtu aliyekata tamaa aliujua.

"Mossie," akasema kwa sauti ya kuungamisha, "nakwambia kama ndugu. Ninaye Friziani mmoja. Mpole, mpole mno. Kwako wewe, yuro elfu moja na mia sita."

"Si yule aliyempiga teke daktari wa mifugo?" Carmel akauliza.

"Alimgusa tu."

"Alimgusa hadi ng'ambo ya ua!"

Mossie alitazama chai yake. Kesho misonobari. Miti ile ikishapandwa, hata jua halishuki tena chini, na dirisha la jikoni alilosimama mama yake litatazama giza. Lakini Friziani mpiga mateke, kwenye tope, na Noreen mwenye nyonga mbovu ndiye mkamuaji? Akapandwa na hasira.

"Batt, hata ungesema elfu moja na mia nne nisingemchukua!"

Sasa, masikio ya Jer Mikono yana ugonjwa wake. Neno "hata" linapita, neno "nisingemchukua" linapita, yanayobaki ni namba mbili zinazotazamana. Aliruka kutoka kitini. Akatema kiganjani, akakamata mkono wa Mossie huku, mkono wa Batt kule, na kabla mtu hajasema lolote, PAA!

"Elfu moja na mia tano! Gawaneni tofauti, Mungu awabariki!"

Mteja wa Carmel aliacha kutafuna. Jer akaishusha mikono yake polepole na kuitazama kama ya mtu mwingine.

"Jamani," akasema, "imenitoka tu."

"Imepigwa!" Batt akasema haraka. "Mashahidi mpo."

"Jer, umeniua," Mossie akanong'ona.

"Ni mazoea, Mossie! Ningesikia bei mbili hata kwenye jeneza langu ningeamka!"

Mossie angeweza kukataa. Lakini mwanamume anayerudisha kiganja kilichopigwa, katika parokia ile, hauziwi tena hata mtoto wa paka. Alikaa pale na mkono wake ungali umelowa mate ya Jer, akijiona ameingizwa mjini kwa mara ya pili katika mwaka mmoja, na meza ile ile.

Mlango ukafunguka, Noreen akaingia akichechemea.

"Mossie Sugrue! Hannah amekaa hapo nje na ng'ombe kama muuza tiketi, na wewe uko huku unakunywa chai?"

"Ng'ombe gani, mama? Trela ni tupu."

"Tupu?"

Vichwa vyote vikageukia dirishani. Na kama aliyeitwa, ncha ya pembe moja ikachomoza juu ya mbao, ikafuatwa na sikio jeusi lililofukuza nzi. Kisha vyote viwili vikazama tena.

Carmel ndiye aliyemweleza Noreen yaliyotokea, kwa maneno machache, kwa sababu alimhurumia. Noreen akamsikiliza hadi mwisho. Halafu akavuta kiti, akakaa mbele ya Batt.

"Sawa. Mkono ni mkono, sisi si watu wa kugeuka. Sasa toa za bahati."

Batt akapepesa macho. "Za nini?"

"Za bahati, Batt. Muuzaji anamrudishia mnunuzi kitu kiganjani, ndipo biashara isimame. Baba yako alikuwa akitoa, Mungu amlaze pema. Ng'ombe wa bei hiyo, hamsini ndiyo heshima."

"Hamsini!"

"Mkononi. Sasa hivi. Mbele ya watu."

"Nitakuletea Jumatano."

"Sasa hivi."

"Noreen, leo Jumapili, benki imefungwa."

"Mashine ya pesa iko nyuma ya kisogo chako," Carmel akasema.

Batt akageuka, akaitazama mashine. Mashine nayo ikamtazama, kioo chake kikiwaka kijani. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukasimama humo. Jasho lilimtoka. Upande mmoja kulikuwa na Friziani mpiga mateke aliyekuwa akimtafutia mjinga tangu Krismasi, upande wa pili noti moja ya hamsini. Parokia nzima ilijua Batt ni mkono wa birika, lakini hakuna aliyewahi kumwona akipimwa namna hii.

"Inakata ada," Batt akasema hatimaye.

"Senti chache."

"Noreen, sikiliza." Sauti ilikuwa karibu na kilio. "Ng'ombe mwenyewe ni bahati!"

"Basi kaa na bahati yako," Noreen akasema, akasimama. "Carmel, umeona? Hakutoa. Haijasimama."

"Haijasimama," Carmel akathibitisha.

"Haijasimama!" Jer akapiga kelele, na kwa furaha nusura ampige mtu kiganja kingine.

Mossie na Noreen walipotoka nje, Hannah aliteremsha kioo cha gari nusu. "Saa sita kasoro dakika tatu," akasema. "Nilitaka kuona kama akili itakufika kabla ya kengele ya kanisa."

"Nilidhani umemwuza, Hannah. Sikumwona."

"Unamtaka kwa sababu ni mfupi, halafu unamtafuta juu?"

Mossie akasogea kwenye trela. Aliinama juu ya mbao. Yule mweusi alikuwa chini kule, mweusi wa kung'aa, anatafuna kamba yake, akainua macho kana kwamba anauliza mtu huyu amechelewa wapi. Mossie alimwekea kiganja mgongoni, mgongo una joto. Miaka minane hakuwa amegusa joto lile, na macho yakamlowa hapo hapo mbele ya pampu za dizeli.

"Usilie mbele ya meza," Noreen akamwambia, lakini naye alikuwa amegeukia barabarani akipenga kamasi.

Bei yao ilipishana kidogo, kama inavyopaswa. Akatafutwa mtu wa tatu. Jer alikuwa mlangoni, mikono ameibana kwapani kwa nguvu zake zote.

"Leta hiyo mikono," Noreen akasema.

"Kwanza mniambie kama kweli mnataka. Nyote wawili. Kwa sauti."

"Tunataka!"

Paa! Hannah akafungua kitabu chake cha sala, akatoa noti ya hamsini, akaibandika kiganjani mwa Mossie. Alihakikisha inaonekana kutoka dirishani.

Batt akashindwa kuvumilia, akatoka na kombe lake. "Lita kumi tu, Mossie! Nakwambia kitaalamu! Kumi!"

"Tuko sita, Batt. Hatuna kiwanda."

"Na ataingia jikoni kwenu, mtaona!"

"Akiingia atageuka," Noreen akamjibu, simu iko sikioni. Alikuwa akimpigia mtu wa misonobari, Jumapili, saa sita kamili, kengele ya Malaika wa Bwana ikilia mjini. Simu haikupokelewa, akaacha ujumbe. "Ni Noreen Sugrue hapa. Kesho usije, bwana. Shamba limepata wa kulila."